Busu la Mkaja

Hapo zamani, zamani ya watu waliojua kunusa, palikuwa na mji mmoja nyuma ya vilima vyekundu ambako busu halikuwa jambo la mchezo. Msicheke. Najua nikilitaja busu tu, wale wa nyuma kule huanza kupigana viwiko. Busu la mume na mke lina chumba chake na komeo lake, na aliye nalo ajifungie nalo, mimi sina habari. Ninalowaletea ni busu jingine, lile lililowafanya wanawake watatu wazima, wenye heshima zao, wavuane nguo hadharani siku ya harusi. Tegeni masikio, maana nitakapomaliza nitawauliza, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba hakusikia vizuri.

Watu wa mji ule walishika kwamba kila mwanadamu ana harufu yake nyuma ya sikio, na kwamba mtoto humjua mama yake kwa harufu hiyo kabla macho hayajazoea mwanga. Kwa hiyo mtu akitaka kumbusu mwenziwe hakuanza na midomo, alianza na pua. Aliinama nyuma ya sikio, akavuta pumzi, ndipo midomo ikafuata. Mkubwa alibusiwa mkono. Mgonjwa alibusiwa kipaji cha uso. Maiti naye kipaji, ila huyo hakunuswa. Na busu la kinywani, tukiacha lile lenye komeo, lilitolewa mara moja tu katika umri wa mtu. Alilitoa mwali siku ya kutoka kwao.

Lilikuwa na utaratibu wake. Wanawake waliomlea mwali walisimama safu uani, mdogo wao mbele, mkubwa wao mwisho. Mwali alifungwa kitambaa machoni, kungwi wake akamshika mkono na kumpitisha, naye akawanusa mmoja mmoja. Hapana kusema, hapana kukohoa, hapana kumgusa. Akimfikia yule ambaye moyo wake unamwambia kwamba huyu ndiye mama, alimbusu kinywani, na safu ikaishia hapo hapo. Waliobaki hawakufikiwa. Akitaka, alimwaga kwa neno moja la sikioni, na tangu dakika ile mwali alifumba mdomo, asiseme na mtu mpaka aingie nyumba ya mumewe.

Na aliyebusiwa alifungwa mkaja kiunoni, kitambaa kile kile anachofungwa tumbo mwanamke aliyetoka kujifungua. Akishafungwa mkaja, basi ndiye mama, hakuna mwingine. Ndiye aliyefuatana na mwali. Mwali akizaa, ndiye aliyempokea mtoto kutoka mikononi mwa mkunga, wa kwanza kumnusa na wa kwanza kumbusu, na ndiye mjukuu aliyemwita bibi. Wengine wote walihesabiwa jamaa.

Sehemu nyingi jambo hili lilipita kwa vigelegele na pilau. Mama alijulikana, mwali alimbusu mama, watu wakala, wakaenda zao. Lakini nyumbani kwa Shaame mama hakujulikana kirahisi hivyo.

Shaame alikuwa na wake wawili, nyumba mbili zilizotazamana, ua mmoja katikati. Mke mkubwa, Zuwena, alikuwa mkamuaji wa mafuta ya ufuta, na Mungu hakumjalia mtoto. Mke mdogo, Mwatime, alikuwa msuka mikeka. Huyu Mwatime ndiye tutakayefuatana naye, maana ndiye aliyekuwa na donge rohoni, na donge lake lilianza siku aliyozaa.

Alikaa na uchungu siku mbili. Mtoto alipotoka, alitoka kimya, mwili umemvilia, mikono inaning'inia. Bi Mwaka, mkunga, hakupiga kelele. Alimfyonza mtoto kamasi puani kwa kinywa chake, akatema. Akafyonza tena, akatema tena. Kisha akaufunika uso ule mdogo kwa midomo yake, akampulizia pumzi kidogo kidogo kama mtu anayepuliza kaa analoogopa lisizimike. Mwatime alikuwa amelala chali, hajiwezi, anasikia ile fuu, fuu, fuu. Ndipo mtoto akalia. Alikuwa msichana, mashavu yamejaa tele, na jina halikuhitaji kutafutwa. Wakamwita Mashavu.

Mwatime alimnyonyesha siku sita. Siku ya saba alishikwa na kikohozi, kikohozi kikashuka kifuani, na maziwa yakakata. Tabibu aliitwa. Akaweka sikio mgongoni kwa mgonjwa, akasikiliza kwa muda, akatikisa kichwa.

"Ugonjwa huu unakaa kwenye pumzi," alisema. "Mtoto usimnyonyeshe, usimnuse, usimbusu. Kama kweli unampenda, mgeuzie uso."

"Mpaka lini, tabibu?"

"Mpaka niseme mimi."

Basi Mashavu akavushwa ua, akapelekwa kwa Zuwena. Zuwena alimpa maziwa ya mbuzi, na alipofika umri wa kula, alimtafunia. Mji ule ndivyo watoto walivyolishwa. Alitafuna wali, akamtia mtoto kinywa kwa kinywa. Alitafuna ndizi, akamtia kinywa kwa kinywa. Alitafuna nyama mpaka ikawa uji, akamtia kinywa kwa kinywa. Na mtoto akishashiba, alilaza pua yake nyuma ya sikio la mama yake mkubwa, pale Zuwena alipozoea kujipaka mafuta yake mwenyewe, ya ufuta uliokaangwa na kutiwa mrehani, ambayo hakuwauzia watu wala hakumfundisha mtu kuyachanganya. Akalala hivyo, mdomo wazi, anavuta harufu ile.

Mwatime aliyaona yote kutoka kitandani kwake, maana mlango wake ulitazamana na mlango wa mwenziwe. Kila tonge lilimuuma. Alihesabu matonge! Mgonjwa mzima, badala ya kuhesabu siku za kupona, alihesabu mara ngapi midomo ya mwanamke mwingine imekutana na midomo ya mwanawe. Alijiambia kwamba anapaswa kushukuru. Alijaribu kushukuru. Shukrani ilifika kooni ikakwama, na wivu ukapita pembeni yake ukatoka.

Siku moja, Mashavu alikuwa amekwisha jua kutambaa, alivuka ua peke yake. Alifika kitandani, akashika ubao, akasimama kwa kuyumba, akainua uso wake na kuufungua mdomo, kama alivyozoea kufanya kwa yule mwingine. Mwatime alikuwa na mtoto wake mbele yake, umbali wa kiganja. Hapakuwa na mtu. Angembusu, nani angejua?

Aligeukia ukutani. Akauma mto. Mtoto alingoja, akalia, akangoja tena, kisha akatambaa kurudi alikotoka. Tangu siku hiyo hakuvuka tena ua kwa hiari yake.

Kifua kilipona hatimaye. Siku Mwatime alipoambiwa kwamba ameruhusiwa, Mashavu alikuwa na meno kinywa kizima, anakimbia na anagombana na kuku. Mwatime alioga, akavaa nguo safi, akamwita, akamkumbatia, akamwinamia. Mtoto akageuza uso.

"Mama mdogo, unanibana," alisema, akamnyooshea mkono, abusu mkono.

Mama mdogo! Aliyemzaa ndiye mama mdogo, na aliyetafuna ndizi ndiye mama mkubwa. Ni kweli ndivyo wake wenza wanavyoitwa, mkubwa mkubwa na mdogo mdogo, hakuna aliyemfundisha mtoto ubaya. Lakini mwambie hivyo mtu anayesikia wivu, uone kama atakuelewa. Mwatime aliubusu ule mkono, akaingia ndani, akasuka mkeka mpaka vidole vikamwasha.

Miaka ikapita. Mashavu alikua, akawa msichana wa kutazamwa mara mbili, mwenye adabu kwa mama zake wote wawili. Alimpenda Mwatime, tuseme kweli. Alimchotea maji, alimpelekea chakula, alimkanda mgongo. Lakini hakumbusu hata siku moja zaidi ya mkono, na wala Mwatime hakuomba, maana vitu vingine ukiviomba huwa si vyenyewe tena.

Akaja Vuai, kijana wa mtaa wa pili, akaposa, akakubaliwa. Harusi ikapangwa. Na hapo moyo wa Mwatime, uliokuwa ukiuma kimyakimya kwa miaka kumi na minane, ukaanza kuuma kwa sauti.

Alasiri moja, zimebaki siku mbili, Zuwena alivuka ua akiwa na fungu la ukindu mzuri.

"Mwenzangu," alisema, "nina ombi. Nisukie kijamvi kidogo, laini, cha kumlazia mjukuu wangu. Mkono wako mji huu hauna mpinzani."

Mwatime aliinua macho. "Mjukuu wako?"

"Mjukuu wetu, basi, wewe nawe," Zuwena alicheka. "Ulimi tu."

Sijui kama ulikuwa ulimi tu. Zuwena hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu mwenye uhakika, na mtu mwenye uhakika huweza kukukanyaga na asijue kwa nini unachechemea. Mwatime aliupokea ule ukindu kwa mikono miwili. Akasema, "Haya, nitakusukia." Akamtazama mwenziwe akirudi kwake, shingo inameremeta kwa mafuta, na hapo hapo, macho yakiwa kwenye shingo ile, akajua atakalofanya.

Kesho yake, wakati Zuwena yuko uani anasimamia wachambuaji wa mchele, Mwatime aliingia nyumbani kwa mke mwenziwe. Kichupa kilikuwa dirishani. Alimimina kidogo kwenye ganda la nazi, akakirudisha kichupa mahali pake, akatoka. Hakuonekana. Na siku ya harusi asubuhi alijisugua mwili mzima kwa dodoki mpaka harufu ya ukindu ikamtoka, kisha akajipaka yale mafuta nyuma ya sikio la kulia, nyuma ya sikio la kushoto. 

Wakajipanga uani wanawake saba. Wanne wa mbele walikuwa mashangazi wa ukoo, wasiokuwa na tamaa na jambo hili. Wa tano alikuwa Mwatime. Wa sita Zuwena. Wa saba, mkubwa wao wote kwa umri, Bi Mwaka mkunga, amejiegemeza kwenye fimbo. Bi Kazija, kungwi, akamleta mwali amefungwa kitambaa machoni.

Mashavu akamnusa wa kwanza, akapita. Akamnusa wa pili, akapita. Wa tatu, akapita. Wa nne, akapita. Akasimama mbele ya Mwatime, akainama nyuma ya sikio lake, akavuta pumzi mara moja. Akasita. Akavuta tena, ndefu, kama mtu aliyefika nyumbani.

Kisha akambusu mama yake kinywani.

Mwatime alisahau kwamba ameiba. Nawaambia alisahau! Midomo ya mwanawe ilikuwa ya moto na laini, ina ladha ya iliki, na kwa muda ule mfupi hapakuwa na kikohozi wala ua wala mlango wa pili. Miaka kumi na minane ilimwagika pamoja na machozi. Akadhani moyo utasimama kwa furaha. Ndipo Mashavu akasogeza mdomo sikioni kwake, kwa sauti ambayo hata kungwi hakuisikia, akamnong'oneza.

"Kwaheri, mama mkubwa."

Vigelegele vikapasuka. Bi Kazija alikuwa amekwisha ukunjua mkaja. Mwatime alisimama pale, midomo bado ina joto, na lile neno limemwingia kama mwiba wa samaki. Amebusiwa, na hakubusiwa. 

"Inua mikono nikufunge, mama," alisema Bi Kazija.

"Subiri, somo." Alikuwa Zuwena. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alimsogelea Mwatime, akainama nyuma ya sikio lake, akavuta pumzi, akarudi nyuma hatua moja. "Haya ni mafuta yangu."

Wanawake wote wakageuka.

"Haya ni mafuta yangu! Ufuta nimeukaanga mimi, mrehani nimetia mimi. Mji mzima hakuna anayenukia hivi ila mimi. Mwatime, umeingia chumbani kwangu?"

"Nimeingia," alisema Mwatime.

"Umeniibia?"

"Nimekuibia mafuta. Wewe uliniibia mtoto."

Loo! Hapo ndipo wale mashangazi wanne walipojua kwamba pilau litachelewa.

"Mimi nimekuibia mtoto?" Zuwena alijipiga kifua. "Nani alikuwa anamtafunia? Mwezi baada ya mwezi, tonge baada ya tonge! Nilikuwa natafuna nyama, mimi nameza mate tu, nyama anakula yeye. Jino langu hili la pembeni lilivunjikia kwenye mfupa wa chakula chake. Damu iliyo mwilini mwake, nyama iliyo mifupani mwake, vimepita kinywani mwangu kwanza. Busu lile lilinitafuta mimi. Pua ya mwali ilikuja kwangu, wewe ukasimama njiani ukaidaka. Nifungeni mkaja!"

"Tumbo lako lilimbeba?" Mwatime alijibu. "Siku mbili za uchungu ulizilala wewe? Unahesabu matonge uliyompa. Na mimi nihesabu yale niliyomnyima? Alikuja kitandani kwangu, Zuwena, kaufungua mdomo wake hivi, na mimi niligeukia ukutani. Wewe kumbusu ilikuwa raha yako. Mimi kutombusu ndiko kulikomweka hai! Kama ningekuwa na mapenzi mepesi kama yenu ya kubusu busu, leo tungekuwa tunamsomea hitima, si harusi. Na midomo yake imenigusa mimi, watu wote wameona. Nifungeni mkaja!"

"Na mimi je?" ilisikika sauti nyuma yao, na fimbo ikagonga chini. Bi Mwaka alikuwa amesogea mbele, mdogo kama mtoto, amekasirika kama mtu mzima. "Mimi hata kunuswa sijanuswa! Mnagombania tumbo, mnagombania tonge. Tumbo lilitoa maiti, nyinyi. Tonge halimwingii maiti. Nani aliweka kinywa juu ya kinywa chake kabla yenu nyote? Pumzi anayovutia harufu zenu ni yangu. Busu la kwanza nilimpa mimi, na busu la kwanza ndilo linalorudishwa siku hii. Nifungeni mkaja!"

"Bibi, wewe umepulizia nusu ya mji huu," Zuwena alisema. "Ndiyo kazi yako. Utafungwa mikaja mingapi?"

"Nusu ya mji haikutoka imekufa. Huyu alitoka amekufa."

Bi Kazija alipiga makofi wanyamaze. Alikuwa kungwi wa miaka mingi, amefunga mikaja isiyohesabika, na hakuwahi kuona safu iliyogeuka baraza. "Mila ninayoijua mimi," alisema, "busu ni pale midomo ilipotua. Halirudiwi wala halihamishwi. Mafuta yameibwa, hilo ni la kuombana radhi. Lakini mwali amembusu Mwatime. Isipokuwa kama mwali alisema neno alipombusu, maana mila inasema pia kwamba neno la mwisho la mwali ndilo linaloonyesha nia yake. Mwatime, alisema neno?"

Mashavu alikuwa amesimama na kitambaa chake machoni, anasikia yote. Mdomo wake umefungwa na mila, hawezi kusema hapana wala ndiyo. Machozi yalikuwa yamelowesha kitambaa, yanashuka mashavuni.

Mwatime alimtazama. Hakuna aliyesikia lile neno ila yeye. Angesema "hakusema kitu," na mkaja ungekuwa wake, na mjukuu angekuwa wake, na siku moja angempokea mtoto mchanga, amnuse kwanza, ambusu kwanza, asimgeuzie mtu uso. Neno moja tu la uongo. Alikwisha iba mafuta, uongo ungemshinda nini?

Lakini wivu, jamani, una tabia yake. Lile "mama mkubwa" lilikuwa likimchoma sikioni, na hakuweza kukaa nalo peke yake.

"Alisema!" alipiga kelele, na kelele ile alimgeuzia Zuwena. "Alisema kwaheri, mama mkubwa! Haya, furahi! Hata busu la wizi limekutaja wewe. Nimempata mwanangu mara moja katika maisha yake, na hata hiyo mara moja alikuwa wako!"

Zuwena alifumba macho. Kwa mtu aliyeshinda, hakuonekana ameshinda. Bi Kazija aliuinua mkaja, akauelekeza kiunoni kwa Zuwena, na pengine mambo yangeishia hapo, kama si Bi Mwaka. Aliona mkaja unampita kwa mara ya pili, na kijiba cha roho kikamzidi nguvu.

"Basi mfungeni," alisema. "Lakini kwanza awaambie miezi sita ilikwenda wapi."

"Bi Mwaka!" Zuwena aligutuka.

"Nisemeje? Nilikuwepo. Tabibu alipomruhusu Mwatime kumshika mwanawe, nilikuwa nimekaa na huyo tabibu barazani kwake. Alimwambia Shaame. Shaame akakuambia wewe umfikishie mwenzio. Ulimfikishia lini?"

Shaame, kama mnataka kujua, alikuwa nje anapokea wageni. Wanaume wa mji ule walibeba habari mpaka mlango wa kwanza, wakajihesabu wamefika.

Mwatime alimgeukia mke mwenziwe polepole. "Zuwena. Ulinificha?"

Zuwena hakukana. "Miezi sita," alisema, na sauti ilikuwa imemwisha. "Kila asubuhi nilikuwa nasema nitamwambia leo. Kisha mtoto ananilalia shingoni, na mimi nasema kesho. Nilijua ukimchukua hatarudi. Wewe ungeweza kuzaa mwingine, Mwatime. Mimi nilikuwa na yeye tu. Nilikuwa namtafunia na meno yake yamekwisha ota, ili tu asiache kunijia mdomoni."

"Miezi ile sita ndiyo aliyojifunza kunigeuzia uso."

"Najua."

"Ningepata miezi ile, leo angenijua kwa harufu yangu mwenyewe."

"Najua, mwenzangu. Huoni kwamba najua?"

Mwatime akamgeukia mkunga. "Na wewe, bibi. Ulijua. Ulikuwa unapita nyumbani kwangu kila wiki, unakunywa kahawa yangu. Miaka kumi na minane. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema Bi Mwaka. Kisha akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini zaidi. "Zuwena alikuwa akiniachia nimpakate mtoto kila nilipopita. Wewe ulikuwa na wivu naye, usingeniachia."

Mlangoni watu wa upande wa Vuai walianza kugonga. Jua lilikuwa linakaribia utosini, na mila ilikuwa kwamba mwali avuke kizingiti kabla jua halijafika hapo, naye asivuke bila mama aliyefungwa mkaja. Ndani, wale mashangazi wanne walikuwa wameanza kugombana wao kwa wao. Mmoja alisema busu lilitua kwa Mwatime, na mdomo ndio shahidi. Wa pili akasema limetajiwa Zuwena, na jina ndilo shahidi. Wa tatu akasema wote wawili wameiba, mmoja siku moja na mwingine miezi sita, apewe mkunga aliyetoa pumzi yake bure. Wa nne akasema mkunga naye aliuza kimya chake kwa kumpakata mtoto. Bi Kazija alisimama katikati, mkaja mkononi, anawatazama wanawake watatu: mmoja ameinua mikono nusu, mmoja ameishusha, mmoja ameegemea fimbo na hamtazami mtu.

Mlango ukagongwa tena.

Mimi nilipohadithiwa, aliyenihadithia alinyamaza hapo, nami nilimgombeza kama mnavyotaka kunigombeza. Nimeshaulizia nyumba nyingi. Waliozaa hunijibu upesi, waliolea hunijibu upesi, na majibu yao hayafanani. Sasa ni zamu yenu, na anayejibu asimame tumwone uso. Mwali yule alipewa pumzi na mmoja, akapewa chakula na mmoja, na mmoja akamnyima busu ili aishi. Anakwenda kuzaa, na kuna mtoto atakayemwita mmoja tu kati yao bibi. Mkaja ni mmoja, na jua halingoji.

Je, ungemfunga nani?